Kazi ya kupaua nimpe binamu yangu au fundi mgeni?

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Nakuandikia kutoka Kilwa Masoko, nami naomba wasomaji waliokwisha kujenga wanisaidie pia.

Nyumba yangu ya vyumba vitatu imesimama kwenye linta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, tangu mwaka jana. Hela ya ufuta ya msimu huu imeshaingia, na yote nimeitenga kwa ajili ya paa. Huku kusini mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo nataka nipaue kabla ya Novemba. Kinachonikosesha usingizi ni fundi.

Wa kwanza ni mtoto wa shangazi yangu, na shangazi ndiye aliyenilea baba alipofariki. Binamu huyu amepaua nyumba nyingi hapa mjini, na sijasikia hata siku moja kwamba amemwibia mtu msumari. Lakini kila nikimuuliza gharama ananijibu, "Dada, wewe nipe hela, utaona paa." Anataka nimkabidhi fedha zote, aende Dar es Salaam mwenyewe kununua mbao na mabati. Geji, yaani unene wa bati, haitaji kabisa. Nimeulizia dukani nikaambiwa geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 32 ni nyembamba zaidi. Zikishapakwa rangi moja, mtu kama mimi siwezi kuzitofautisha kwa macho. Na sisi tuko pwani, chumvi ya bahari inakula bati.

Wa pili ni kijana wa Nachingwea aliyesomea ujenzi VETA Lindi. Alikuja na futi, akapima, kesho yake akaniletea karatasi: mbao za kenchi (fremu za kubeba paa), papi (mbao za kupigilia bati), idadi ya mabati, kofia za kufunika mgongo wa paa, misumari, mpaka dawa ya mchwa. Akaniuliza pia kama wakati wa kumwaga linta tuliacha nondo za kufungia kenchi. Swali hilo hakuna fundi mwingine aliyeniuliza, na lilinigusa sana. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, paa la jirani yangu liling'oka zima, kenchi na bati pamoja, kwa sababu mbao ziliegeshwa juu ya ukuta zikapigiliwa misumari michache tu. Mabati yenyewe yalikuwa mazuri, ya bei. Aliyempaulia alikuwa ameshahama, simu haipatikani, na yule mama na wanawe wakaishi kwa watu kwa muda mrefu. Nililia naye, na tangu hapo kila nikiangalia ukuta wangu naliona paa lake.

Sasa huyu kijana naye ni mgeni. Bei yake ya ufundi iko juu, na nyumba alizonionyesha ni mbili, zote bado hazijaonja masika. Paa likivuja mwezi wa tatu, nimfuate Nachingwea? Kuna na kampuni moja ya Lindi mjini, inasema imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ila nilipoomba kuona cheti wakaanza kunizungusha. Hao nimeachana nao.

Moyo wangu uko kwa kijana. Lakini shangazi ameshanisikia, na amesema kumpa mtu baki kazi ilhali ndugu yupo ni kumvua nguo mwanawe mbele ya watu. Nimefikiria kununua vifaa vyote mwenyewe, halafu binamu apewe kazi chini ya karatasi ya kijana, lakini naona hilo litawadhalilisha wote wawili.

Naomba mnisaidie haya. Mkataba wa kazi kama hii uandikweje, na je, nikiusaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji una nguvu? Malipo niyagawe vipi: kiasi gani kenchi zikisimama, kiasi gani bati likimalizika, na ni haki kubakiza sehemu mpaka mvua ya kwanza inyeshe? Linta yangu haina nondo zilizoachwa. Kenchi zitafungwaje ziwe imara bila kuibomoa? Na dukani, ni njia gani ya uhakika ya kujua kwamba bati ninaloambiwa ni geji 28 ni geji 28 kweli?

Na la shangazi. Anataka jibu langu Ijumaa ijayo baada ya swala. Nimwambieje?

Msomaji wenu,
Kilwa Masoko, Lindi