Wanafunzi wa uandishi waletwe kwenye ligi za wilaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari za ligi ya wilaya na za vijiji vyetu, ambazo mmekuwa mkizichapisha tangu mlipompokea mwanafunzi wa uandishi wa habari anayefanya mafunzo kwa vitendo huku Kilosa.

Wasomaji wa wilayani tumezoea kurasa za michezo zinazoanza na Simba na kuishia na Yanga, katikati zikajazwa tetesi za usajili wa Ulaya zilizookotwa mtandaoni. Sina ugomvi na timu hizo (moja ni yangu, nayo sitaitaja), lakini mchezaji hazaliwi Msimbazi wala Jangwani. Mbwana Samatta, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, alipitia African Lyon kabla ya Simba na TP Mazembe, na mechi za vijana wa umri ule ndizo ambazo mara nyingi hazipati mwandishi.

Habari iliyonivutia zaidi ilihusu mchezo ulioahirishwa. Mwingine angeandika kwamba uwanja ulijaa maji, akatia nukta. Huyu kijana alimtafuta katibu wa chama cha mpira, akamwuliza mwalimu mkuu ambaye shule yake ndiyo yenye kiwanja, kisha akamfuata mtendaji wa kata kuhusu mtaro ulioachwa bila kumaliziwa. Alipoambiwa kwamba suala hilo limewahi kufika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi 3 na kusomewa mapato na matumizi, alihudhuria mkutano uliofuata na kutuletea habari ya pili, nzito kuliko ile ya mpira.

Kasoro zipo. Katika habari moja alimnukuu kocha wa timu iliyoshinda peke yake, na katika nyingine aliandika kwamba mashabiki "walifurika", ilhali sisi tuliokuwapo tulikuwa tumekaa kwa nafasi kabisa. Habari ya kijijini ina ugumu huo: msomaji ndiye shahidi, na kosa hujulikana jioni ileile. Kwa sababu hiyo nashauri mhariri wa michezo ampigie simu mwanafunzi na kumweleza kwa nini aya fulani imekatwa, badala ya kuikata kimyakimya. Stashahada itamsaidia kupata ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Uthubutu wa kumhoji mtendaji ambaye kesho yake atakutana naye sokoni ataupatia huku.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi. Mwanafunzi asiyelipwa nauli hupanda gari la mfadhili wa timu, hula chakula chake, na jioni hutakiwa kuandika habari za timu ya mfadhili huyohuyo, naye akiwa mtu mwenye shukrani ataona vigumu kutaja kwamba wachezaji hawajalipwa posho. Bahasha tunazozilalamikia kwa waandishi wakubwa huanzia kwenye lifti za namna hii. Gazeti liwalipe wanafunzi wake nauli ya kwenda uwanjani na kurudi, na liwakataze kupokea ya mwingine yeyote, hata ya diwani.

Mwalimu mstaafu,
Kilosa, Morogoro