Mwidhinishaji apewe kitu cha kusoma

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu programu wakala za akili mnemba, zile zinazofanya kazi zenyewe kwa niaba ya mtu, iliwatuliza wasomaji kwa sentensi moja: kwamba hakuna fedha zinazotoka bila binadamu kuidhinisha. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, lakini sentensi hiyo imenikera. Huku Tabora tumeshaiona idhini ya namna hiyo.

Msimu uliopita chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku kilimkabidhi wakala kazi ya malipo: asome hati za mauzo, ajumlishe kilo kwa kila daraja, akate mkopo wa pembejeo, kisha atume fedha kwenye simu za wakulima. Mhasibu aliletewa mstari mmoja tu: "Malipo 46 yako tayari. Idhinisha?" Hakukuwa na jina, kiasi wala namba ya simu. Akabonyeza Ndiyo. Mtandao ukakatika katikati, programu ikairudia hatua ile tangu mwanzo kwa Ndiyo ile ile, na wakulima kadhaa wakalipwa mara mbili. Lawama zote akabebeshwa mhasibu. Aliidhinisha nini, mtu ambaye hakuonyeshwa kitu?

Kosa lilikuwa la waliotengeneza mfumo, na dawa yake inajulikana. Kila malipo hupewa namba yake ya pekee kabla ya kuombewa idhini, namba hiyo ikahifadhiwa, na upande unaolipa ukaikataa ikija mara ya pili. Hapo hata programu ikianza upya mara kumi, fedha hutoka mara moja. Idhini nayo hufungwa kwenye yaliyoonyeshwa: jina, simu, kilo, daraja, makato, kiasi. Ikibadilika shilingi moja baada ya kubonyeza, idhini ile inakufa na inaombwa upya. Na kufuli halikai ndani ya wakala! Mafundi wengi humwandikia "omba ruhusa kabla ya kulipa" wakadhani wamefunga mlango. Hayo ni maneno tu. Hati ya mauzo ikifika na maandishi yaliyofichwa ya kumwelekeza vingine, anaweza kuyafuata hayo. Julai 2025, nchini Marekani, wakala wa Replit, kampuni ya zana za kutengenezea programu, alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote bila ruhusa. Ufunguo wa kulipa ukae kwenye programu nyingine ya kawaida, isiyobuni wala kukisia, inayofungua tu ikiona idhini ya mtu kwa malipo yale yale.

Na hizi namba za siri za kuazimana! Mwenyekiti anasafiri kwenda Urambo, anamwachia karani namba yake, imeandikwa kwa kalamu nyekundu nyuma ya daftari la mahudhurio. Mfumo unataka watu wawili, mmoja aandae na mwingine aidhinishe, kumbe vidole ni vya mtu mmoja. Hapo hata mfumo mzuri kuliko yote haumlindi mkulima.

Ombi langu kwa vyama na kwa wanaowauzia mifumo hii ni hili. Ukurasa mmoja usizidi malipo 10. Mkulima ambaye namba yake ya simu imebadilika tangu msimu uliopita aonyeshwe peke yake kwenye skrini, namba ya zamani na mpya zikiwa zimepangwa juu na chini, na mwidhinishaji aandike mwenyewe kiasi anachokiona kabla kitufe hakijafunguka. Akikataa, awe na nafasi ya kuandika sababu, na wakala asirudi na malipo yale yale bila kuyarekebisha. Saa 24 zikipita bila jibu, ombi lihesabiwe kuwa limekataliwa, kamwe lisihesabiwe limekubaliwa. Kusoma hati na kupiga hesabu hakuhitaji ruhusa ya mtu; ukimwomba idhini mara 200 kwa siku, hata ile moja ya hatari ataipitisha bila kuisoma, maana kidole kimeshazoea.

Nanyi mkiandika tena kwamba "binadamu aliidhinisha", chapisheni pia kile alichokuwa akikiona kwenye skrini yake.

Msomaji wenu,
Tabora