Mutua, kilichotoka ni kodi, karatasi bado ziko

Mutua ndugu yangu,

Salamu kutoka huku Katy, Texas, sote wazima, baridi imepita na mbu ndio hao washafika. Voisi yako ya kuuliza namna ya kununua sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki, niliisikia nikitoka kazini nikasema hapana, hii nitaiandika, maana mambo ya fomu ukimweleza mtu kwa simu anasahau nusu kabla hamjamaliza kuongea.

Hao jamaa wanaokuambia ati siku hizi sailensa unaingia tu dukani unalipa unatoka nayo kama betri ya gari, wachana nao kabisa. Kilichotoka ni pesa. Ile kodi ya dola 200 iliwekwa na NFA, sheria ya silaha ya serikali kuu ya 1934, enzi hizo dola 200 mfanyakazi wa kawaida anaitafuta miezi, na ajabu ni kwamba hawakuipandisha wala kuishusha miaka yote hiyo mpaka Trump aliposaini ile sheria kubwa ya tarehe 4 Julai 2025, ndio kuanzia 1 Januari 2026 kodi ya sailensa ikawa sufuri. Ya bunduki za rashasha bado ni 200 vilevile. Lakini kusajili hakukuguswa, yaani ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, lazima waidhinishe jina lako na ile namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe kabla hujaishika. Kuna watu wako kortini wanasema kama kodi hakuna basi usajili nao uende, sawa, wapambane, wewe jaza fomu.

Na mtu asikudanganye na ile sheria ya Texas ya 2021 ya sailensa zilizotengenezwa hapa hapa Texas. Kansas walikuwa na sheria ya aina hiyo, mwenye duka akauza na mteja akanunua wote wakiamini wako sawa, wakashtakiwa na serikali kuu wakapatikana na hatia, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo 2018. Adhabu inafika miaka 10 jela, na sisi wa grinikadi unajua hesabu yetu haiishii jela, kuna na kufukuzwa nchini. Kwa hiyo pia vile vitu vya mtandaoni vinavyouzwa rahisi kwa jina la chujio za mafuta ya gari kumbe ni sailensa, hata usifungue hiyo linki.

Sasa kazi yenyewe. Grinikadi inatosha, si lazima uwe raia, ila wale wa viza za muda kama za masomo mambo yao ni tofauti. Tafuta duka lenye leseni ya vitu vya NFA, si kila duka la bunduki linayo. Unachagua sailensa unailipia, nayo inabaki kwao imefungiwa. Kama iko duka la jimbo lingine wao kwa wao wanahamishiana kwa Fomu 3, hiyo haikuhusu. Yako ni Fomu 4, ya kuomba sailensa ihamishiwe kwako, na siku hizi karibu kila mtu anaijaza kwa eForms, ule mtandao wa ATF, duka linaanza upande wao halafu wewe unamalizia wako na kusaini. Picha ni kama ya pasipoti, inchi 2 kwa 2, isizidi mwaka. Nakala moja inaenda kwa sherifu au mkuu wa polisi wa eneo lako, ni taarifa tu, tangu 2016 hawatakiwi kukusainia chochote.

Pale kwa majina ndio nataka utulie. Wewe una jina la ubatizo, la kwako na la mzee. Pasipoti ya Kenya inasema hivi, grinikadi wamebananisha mawili ya kwanza, leseni ya udereva ya Texas sijui la katikati wamelitupa wapi, halafu wewe mwenyewe ukijaza haraka unaandika lile unaloitwa kazini. Keti chini uzitandaze zote mezani, tazama herufi kwa herufi. Kama haziwiani nenda karekebishe leseni kwanza, kisha akaunti ya eForms, fomu, na karatasi ya alama za vidole, vyote hivyo visomeke jina lilelile. Anwani nayo ni pale unapolala, si sanduku la posta.

Alama za vidole sasa. Nyumbani kwangu hii ndio ilitusumbua, maana Mama Neema anafanya kazi kwa wazee na kutwa nzima ni kunawa, sanitaiza, glavu, kunawa tena. Akaweka kidole kwenye kioo cha mashine, skrini ikaonyesha doa jeupe katikati palipopaswa kuwa na mistari, yule dada wa mashine akamfuta akajaribu kidole kingine, hali ileile. Akamwambia aende akapake losheni nzito asubuhi na usiku siku kadhaa kisha arudi. Alirudi, zikatoka safi. Shemeji si naye anafanya kazi hospitali? Basi aanze kupaka saa hii.

Utauliza shemeji anaingiaje. Ukijisajili wewe peke yako, ni wewe peke yako unaruhusiwa kukaa nayo. Ukisafiri ukaiacha kwenye sefu na mwenzako anajua namba za sefu, hapo mnaweza kuingia matatani. Ndio mimi nikaweka kwa trasti, yaani hati ya kisheria inayomiliki mali kwa niaba ya watu, mle ndani tuko wawili na Mama Neema, kila mmoja anatoa picha yake, vidole vyake na Fomu 23 yake ya maelezo binafsi. Ni kazi zaidi mwanzoni lakini naona inafaa mtu mwenye familia. Ukiamua kubaki peke yako basi badilisha namba za sefu, na usimwambie shemeji ni mimi nimesema! Siku ukifa mrithi anahamishiwa kwa Fomu 5 bila kodi, Mungu atuepushe lakini ujue iko.

Wakishakubali unarudi dukani unajaza 4473, ile fomu ya mnunuzi, kama ya bunduki yoyote. Kuna swali la bangi pale, na fomu yenyewe inasema kabisa kwamba kwa serikali kuu bado ni kosa hata kama jimbo linaruhusu, kwa hiyo yale maisha yako ya Colorado natumaini yaliisha. Foleni ya maombi ilijaa sana kuanzia Januari 2026 sababu ya ile kodi kuwa sufuri, sitakupa tarehe.

Ukienda kwa kaka yako Chicago iache nyumbani, Illinois ni marufuku, California na New York vilevile. Na usiifikirie kuipeleka Kenya, kuitoa Marekani ni kibali kingine kabisa, achilia mbali utakayoyakuta huko.

Hao nguruwe mwitu wanaochimba shamba unalokodi, kwenye ardhi ya mtu binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba, hapa Texas tangu 2019 huhitaji hata leseni ya kuwinda. Wewe na mimi tumekulia nchi iliyofunga uwindaji 1977, bado huwa naona ajabu. Ila usitegemee kimya cha sinema, mlio wa bunduki unaotoka desibeli 160 hivi unashuka kama 30 tu, bado ni kishindo, na mimi masikio huwa naziba hivyohivyo.

Kabla hujalipa chochote nitumie picha ya ncha ya mtutu tuone nyuzi zake za kufungia sailensa, bunduki nyingi za risasi ya .223 ni 1/2x28 na za .308 ni 5/8x24, na kama haina nyuzi kabisa kuna fundi huku nitakuonyesha. Msalimie shemeji na Imani, mwambie sweta yake bado iko kwangu.

Ndugu yako,
Kioko