Kodi ya kanisa huku Ujerumani

Baba na Mama, shikamooni.

Baba aliuliza inakuwaje serikali isiyo na dini imkate mtu pesa za kanisa. Naeleza kirefu kidogo kwa sababu Neema anakuja kusomea uuguzi Berlin, na jambo hili litamkuta wiki ya kwanza.

Kanisa la taifa lilikatazwa na Katiba ya Weimar, yaani katiba ya Ujerumani ya 1919. Kifungu cha 137 cha katiba hiyohiyo kikayaruhusu makanisa yenye hadhi ya taasisi ya umma kutoza waumini wao kodi, na Katiba ya 1949 ikakipokea kilivyo. Serikali hukusanya, makanisa huilipa kwa kazi hiyo. Misikiti mingi ni vyama tu vya kiraia, kwa hiyo huendeshwa kwa michango ya waumini.

Neema atatakiwa kuandikisha anwani ndani ya siku 14. Kwenye fomu kuna sehemu ya dini: "ev" ni Waprotestanti, Walutheri wakiwemo, "rk" ni Wakatoliki. Kwa mtu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kujaza "ev" ndiko kunakomfanya mshirika huku. Mkatoliki hana uchaguzi huo. Ubatizo wa Songea unatosha.

Kiwango ni 9% ya kodi ya mapato, si ya mshahara. Wengi hukosea hapo, wakaogopa bure. (Bavaria na Baden-Württemberg ni 8%.) Akikatwa kodi ya mapato euro 300, kanisa litapata 27, na kiasi hicho kinaandikwa mstari wake kwenye hati ya mshahara. Mwanafunzi ambaye mshahara wake haujafikia kiwango cha kutozwa kodi halipi hata senti.

Balaa huanza Mkatoliki anapojaza kwamba hana dini ili aokoe pesa, kisha baada ya miaka anapeleka mtoto abatizwe. Kanisa linaomba taarifa za ubatizo wa mzazi, uanachama unagundulika, na ofisi ya kodi inaweza kudai malimbikizo. Inaumiza, kwa sababu deni huja kwa mkupuo.

Kujitoa kunaruhusiwa, lakini hakupitii kwa mchungaji. Berlin unakwenda mwenyewe mahakama ya mwanzo na pasipoti, unalipa euro 30. Ile hati ya kujitoa itunzwe maisha yote. Ukihama mji bila hiyo unaweza kutozwa upya. Na kuna gharama nyingine: kwa agizo la maaskofu Wakatoliki la 2012, aliyejitoa hapokei komunyo wala hasimamii ubatizo. Hospitali nyingi pia ni za Caritas na Diakonie, mashirika ya huduma ya Wakatoliki na Waprotestanti, hivyo muuguzi aliyejitoa anaweza kukosa kazi.

Mimi nasema Neema ajaze ukweli. Akitaka kutoka baadaye, atoke kwa mlango ulio wazi kisheria.

Mama, mwambie achukue usharikani vyeti halisi vya ubatizo na kipaimara, na vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa.

Mwanenu,
Eliya