Mwanangu, hiyo simu haikushindi kwa sababu we ni mvivu

Mwanangu,

Ulivyoniambia unajichukia kwasababu ukishika simu muda unapotea na hata hufurahii unachoangalia, hapo umegusa penyewe. Kutaka kitu na kukifurahia ni mambo mawili tofauti kwenye ubongo. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Kent Berridge kalichunguza hili miaka mingi: dopamini, ile watu wanaiita kemikali ya raha, kazi yake kubwa ni kukusukuma utafute, sio kukupa utamu wenyewe. Ndo mana kidole kinaendelea kuskroli na moyo umeshachoka.

Na kinachoichochea hiyo dopamini zaidi ni kutojua. Mwanasaikolojia mwingine, Skinner, aliona kwa njiwa na panya wake kwamba chakula kikija kwa kubahatisha wanabonyeza kitufe mfululizo, na hata kikikatwa kabisa bado wanaendelea kubonyeza muda mrefu. Mashine za kamari ndo hivyohivyo. Sasa we unapost picha hujui laiki zitakuja ngapi wala saa ngapi, unavuta skrini hujui kitatokea nini, video kibao za hovyo halafu moja inakuchekesha mpaka machozi, basi hiyo moja ndo inakushika usiku mzima.

Na haikutokea bahati mbaya. Mbunifu wa programu anaitwa Aza Raskin alibuni ule ukurasa unaoskroli bila mwisho 2006, baadae mwenyewe akajuta hadharani. Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, 2017 alisema wazi walijua wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu. Watu wazima hao, wanajua wanachofanya, na wewe sehemu ya ubongo inayosema "basi inatosha" inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu! Mi hili linaniuma sana.

Kwahiyo acha kujitukana, na usiape kwamba kesho hugusi. Zima notifikesheni zote isipokuwa za watu wanaokuandikia wewe, na simu ilale sebuleni, yangu pia italala hukohuko. Siku za mwanzo mkono utaitafuta wenyewe na utahisi kuna mambo yanakupita, ni kawaida. Hamu ikija jiulize kwanza kuna nini, umeboeka, kuna mtu kakuumiza, au unaikimbia homuweki? Ukiona ni upweke njoo unigongee mlango, hata saa nane usiku, mi nitaamka.

Mama