Risala ya klabu ya wanafunzi wa usanifu majengo kwa mgeni rasmi, siku ya maonesho ya michoro

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, habari za mchana.

Tunakushukuru kwa kuja, tunajua ratiba yako ilivyobana. Mwaka huu klabu ilijipa kazi moja tu, kuchora kempasi ambayo mawazo yake yanatoka kwa Wabuddha, na kabla hujauliza mgeni rasmi, hapana, hatujabadili dini, wengine hapa ni wanakwaya na wengine wametoka msikitini sasa hivi. Tulitaka kuona imani ya watu inageukaje kuwa ukuta na mlango.

Mfano wetu ni Nalanda, chuo cha watawa wa Kibuddha, jimbo la Bihar huko India. Ile ya zamani ilianza karne ya 5, na Xuanzang, mtawa wa Kichina, alisoma pale karne ya 7. Kwenye ramani ya magofu yake mabweni ya watawa yamejipanga mashariki, mahekalu magharibi, yanatazamana, katikati njia pana. Kila bweni ni vyumba vidogo vimezunguka uwanja wa ndani, yaani mtu akitoka chumbani tu kashakutana na wenzake.

Chuo kipya chenye jina hilohilo kilianzishwa kwa sheria ya bunge la India ya 2010, kempasi iko Rajgir, karibu na vilima ambako Buddha mwenyewe alifundisha, ekari 455, na imechorwa na ofisi ya Balkrishna Doshi, Mhindi wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, mwaka 2018. Hapa ndo tulikaa sana. Buddha alifundisha njia ya kati, usijitese na usijidekeze. Sasa Rajgir joto la Mei linachoma, alafu mvua inakuja karibu yote kati ya Juni na Septemba. Wao hawakukimbilia majumba ya vioo yanayoishi kwa viyoyozi, na wala hawakuwaacha wanafunzi waive: kuta nene, matofali ya udongo wa kushindiliwa, nyua zenye kivuli, na mabwawa makubwa ya kukinga mvua kwa kufuata mfumo wa wakulima wa Bihar uitwao ahar-pyne, pyne ni mfereji, ahar ni bwawa lenye kingo pande tatu. Ujuzi wa mkulima umeingia kwenye mchoro wa chuo kikuu, na kiukweli hiyo tuliipenda kuliko hata paneli za sola.

Changamoto hazikosi. Kuprinti karatasi kubwa ni gharama, na kompyuta za maabara zinaganda ukifungua tu programu ya kuchora, kwahiyo ukitukumbuka kwa hilo hatutakataa.

Ila ombi letu kubwa ni hili. Tumesikia kiwanja cha nyuma ya karakana kitajengwa madarasa mapya, na pale kila masika maji yanapita. Kabla greda halijaingia, tunaomba wewe na bodi muangalie mchoro wa nne ukutani hapo, ambao haukufukia ule mkondo, umeufanya bwawa na madarasa yakauzunguka.

Mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.