Flashi mchana kweupe

Rafiki yangu,

Mambo? Picha zako nimezipata na nimezikagua moja moja, we una jicho asikudanganye mtu. Hilo swali la kwanini uso ukitoka vizuri anga linaungua, na anga likitulia uso unazama gizani, nimeona nikuandikie tu maana kwa simu tungeishia njiani.

Iko hivi, ukitumia flashi nje mchana unapiga picha mbili kwa mpigo, moja ya jua na moja ya flashi. Flashi inawaka na kuzima fasta sana, mara nyingi haifiki hata 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ikikawia au ikiwahi kufunga, flashi haihusiki, kinachopanda na kushuka ni mwanga wa jua tu. Apacha (tundu la lenzi, ile namba ya f) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) zinagusa zote mbili.

Kwa hiyo anza na anga, flashi ukiwa umeizima kabisa. Mgeuze mtu jua limpige mgongoni (na macho hatayafinya), halafu shusha mwanga kwa shata mpaka bluu irudi na mawingu yaonekane, uso utakuwa kivuli kitupu, usishtuke, uache hivyo hivyo. Hapo ndo unawasha flashi na kuipandisha kidogo kidogo mpaka uso ufunguke. Mimi huwa naiacha iwe dhaifu kuliko jua kwa kama stopu moja (yaani nusu ya mwanga wake), anayeangalia picha hata asijue kulikuwa na flashi, na hapo ndo raha yenyewe ilipo.

Ile picha yenye mkanda mweusi chini, kamera yako haina shida. Jua kali kwa ISO 100 linataka kama f/16 na shata 1/125, we umefungua f/2.8 ili nyuma kulainike, hesabu inakupeleka 1/4000, wakati kamera nyingi sinki yake (kasi ya juu ya shata inayoenda sawa na flashi) inaishia 1/200 au 1/250. Shata ina mapazia mawili, moja la kufungua na moja la kufunga, na ukipita hapo pazia la pili linaanza kufunga la kwanza likiwa bado halijamaliza kufunguka, flashi inapita kwenye upenyo mwembamba, kwingine kote haifiki. Kuna HSS (sinki ya kasi kubwa), flashi inawaka mfululizo wakati upenyo unapita, ila inakula nguvu balaa. Au ufunge filta ya ND (kioo cheusi cha mbele ya lenzi cha kupunguza mwanga) ya stopu 4, unarudi 1/250 na f/2.8 yako unabaki nayo, ila filta inakata na flashi pia, so nguvu lazima uongeze.

Na kabla hujawaza kununua flashi kubwa, sogeza hiyo uliyonayo! Ukiitoa mita 2 ukaileta mita 1 uso unapata mwanga mara nne, stopu 2 za bure kabisa, na jua nyuma halibadiliki hata chembe. Softiboksi (kile kiboksi cha kitambaa cha kulainisha mwanga wa flashi) iwe karibu mpaka ikaribie kuingia kwenye fremu, mwanga unakuwa laini na macho yanapata ile nukta inayong'aa.

Jioni sasa, jua likishakuwa la machungwa flashi inabaki nyeupe ya mchana, mtu anaonekana kama kakatwa kwingine akabandikwa hapo. Weka jeli ya machungwa ile ya CTO (karatasi ya plastiki ya rangi unayobandika mbele ya flashi), ile ya nguvu nusu inatosha, jua likikaribia kuzama weka ya nguvu nzima. Mimi ninayo ya ziada, nipimie tu upana wa kichwa cha flashi yako nikukatie.

Wako,
rafiki yako